Halua ya Wenyeji

Mama aliukataa mpango wa dereva kabla gari halijatoka Edinburgh. Mzee yule wa Kiskoti, mwalimu mstaafu aliyekuwa akizungusha wageni kwa gari lake mwenyewe, alikuwa ametupangia tuanze na ngome za karibu kisha tumalizie ya mbali. Nikamtafsiria Mama yote. Akasikiliza mpaka mwisho, akauweka sawa mkoba wake mapajani, akasema, "Mwambie twende kama hadithi inavyokwenda. Kwanza pale walipompokea."

Ilikuwa Septemba 2018. Mama alikuwa na siku kumi tangu awasili kutoka Mombasa, na katika siku hizo aliniomba mambo mawili tu. La kwanza, nimpeleke kwenye majumba ya Claire. La pili, nimpeleke kwa wenyeji walionipokea mimi nilipofika Uskoti Januari 2013, awape mkono na kuwashukuru. La kwanza nililitafutia pesa kwa zamu za usiku, nikakodi gari la siku nzima, letu peke yetu, kwa kuwa magoti ya Mama yamechoka na basi la watalii halimngoji mtu. La pili nilikuwa nikilikwepa. Leo wako kazini, kesho wamesafiri, keshokutwa mtoto wao mgonjwa. Asubuhi ile nilimwona akitia mkobani mahamri, chupa ya chai, na kile kikapu kidogo cha ukindu chenye halua aliyoibeba toka nyumbani.

"Mama, halua ya nini njiani?"

"Si ya njiani. Huenda tukapita kwao."

Claire ni yule nesi wa vita katika Outlander, tamthilia iliyoanza kuonyeshwa 2014 kutokana na riwaya ya Diana Gabaldon. Vita vimekwisha, mwaka ni 1945, anakwenda mapumziko na mumewe katika milima ya Uskoti, anagusa jiwe la kale, na anapozinduka yuko mwaka 1743 mikononi mwa watu wasiojua wamweke wapi. Wanampeleka kwenye kasri la ukoo wao, Leoch. Nilimtazamisha Mama likizo ya Desemba 2016, sebuleni kwetu Mji wa Kale, nikiwa nimeishika remoti muda wote kwa sababu zipo sehemu ambazo hazitazamiki mbele ya mzazi. Mama hajui Kiingereza. Nilikuwa nikimfasiria sentensi kwa sentensi, na wale watu walipoingia kwenye Kigaeli, ambacho mara nyingi hakikuwekewa tafsiri hata kwa watazamaji wengine, nami nilinyamaza.

"Hapa wasemaje?"

"Sijui, Mama. Hata yeye Claire hajui."

Akaitikia kwa kichwa, akasogea karibu na runinga. Nilidhani anasogea kwa ajili ya yule kijana Jamie, maana shangazi zangu wote walimpenda. Likizo ilipokwisha tukaendelea kwa simu Jumapili hadi Jumapili, mpwa wangu akimwekea kule, mimi nikitazama huku na kufasiri.

Leoch ya kweli inaitwa Doune, mwendo wa kama saa moja kutoka Edinburgh, kupita Stirling. Unaiona ghafla juu ya mto Teith: ukuta wa kijivu na mnara wa lango unaofika karibu mita 30. Aliyeijenga mwishoni mwa karne ya 14 ni Robert Stewart, Duke wa Albany, ambaye hakuwa mfalme lakini aliishika Uskoti mkononi mwake mpaka alipofariki 1420. Mlangoni wanakupa kifaa cha kusikilizia maelezo. Mama nilimvalisha kwa heshima tu, kwa kuwa maelezo ni ya Kiingereza, lakini tulipofika kituo kimoja uani alisimama wima na kunishika mkono. "Ni yeye!" Sauti ilikuwa ya Sam Heughan mwenyewe, anayeigiza Jamie, ambaye alirekodi sehemu zinazohusu tamthilia. Mama akairudia mara tatu. Haelewi neno, lakini sauti anaijua, na uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyepigiwa simu na jamaa wa mbali.

Mzee alituonyesha ukumbi mkubwa, akatueleza kwamba sehemu nyingi za ndani tunazoziona katika tamthilia zilijengwa studio huko Cumbernauld, na hapa walipiga zaidi picha za nje. Akasimulia pia wafungwa wa Januari 1746, waliofungiwa juu ya kasri na wafuasi wa Mwanamfalme Charles, aliyekuwa ameasi dhidi ya serikali ya London, wakaunganisha mashuka na kuteremka dirishani usiku. Mama alisikiliza kwa adabu. Alikuwa anatafuta jiko.

Lazima niseme kwamba mama yangu ni mpishi wa harusi. Kwa zaidi ya miaka 30 amepika pilau na biriani katika nyua za Mji wa Kale, kwa masufuria ambayo mtu mzima anaweza kuketi ndani yake, na hakuna nyumba anayoihesabu kuwa ameiona kabla ya kuona inapikiwa wapi. Alipoingia jikoni Doune aliacha mkongojo wake ukutani. Meko yale yana upana wa kama mita tano na nusu, chini ya tao moja la mawe. Akafungua mikono akayapima, akahama, akapima tena. "Pima tatu," akasema. Akainama kuingia ndani yake, akatazama juu moshi ulikopitia, akagusa mawe. Kisha akaenda kwenye yale madirisha mapana ya kupitishia chakula kuelekea ukumbini, akaweka kiganja pale ambapo masinia yalikuwa yakiwekwa, na jiwe limelainika.

"Hapa hapakulala mtu na njaa," akasema. Yule mzee akataka nimfasirie, nikamfasiria, akacheka kwa furaha akasema kweli, ng'ombe mzima aliweza kuokwa pale.

Mama hakucheka. Alikuwa amegeuka ananitazama.

"Na wewe, siku ile ya kwanza, walikupikia nini?"

Jibu nilikuwa nalo, nililitunga 2013 nikalirudia mara nyingi kwenye simu: supu ya kuku, mkate wa moto, chai ya maziwa. Nilifungua kinywa nilitoe. Sijui ni lile jiko au ni jinsi alivyokuwa amesimama, leso imeanguka begani, vidole vimeingia masizi ya kuwaza tu, maana masizi yenyewe yalikwisha zamani. Nikamwambia hakuna aliyenipikia. Mtu aliyeahidi kunipokea uwanja wa ndege hakutokea na simu yake haikushikwa. Nilikaa juu ya sanduku langu saa nne, nikapanda basi na anwani iliyoandikwa kwenye karatasi, nikafika kwenye chumba ambacho joto lake lilikuwa limezimwa na sikujua kuliwasha. Nilikula kipande cha mkate nilichokihifadhi kutoka kwenye ndege, nimevaa koti, nimekaa kitandani. Kisha nikapiga simu Mombasa nikamwambia nimepokewa kama binti wa nyumba.

Alikaa kimya kwa muda mrefu. Watalii wawili waliingia, wakapiga picha, wakatoka.

"Miaka mitano," akasema, "kila baada ya Isha nawaombea dua watu wale."

Akachukua mkongojo wake, akatoka.

Kutoka Doune mpaka Culross hakuna aliyesema kitu ndani ya gari ila yule mzee, ambaye nadhani alihisi jambo na akajaza nafasi kwa upole. Alitueleza habari za sketi za wanaume wa milimani, kwamba baada ya watu wa Charles kushindwa vita vya Culloden, Aprili 1746, serikali ya London ilitunga sheria ya kuwakataza watu wa milimani kuvaa vazi lao, na marufuku ile ikadumu mpaka 1782. Nikafasiri nikitazama nje. Mama, ambaye wanaume wote wa kwao huvaa kikoi, alivunja kimya mara moja tu: "Nguo ya mtu ina kosa gani?"

Culross ni kijiji cha pwani chenye vichochoro vya mawe, na nimekipita haraka hapa kwa sababu siku ile pia nilikipita hivyo hivyo. Katika tamthilia ni Cranesmuir. Nyumba kubwa ya rangi ya manjano iliyoiva aliijenga mfanyabiashara wa makaa na chumvi, George Bruce, kati ya 1597 na 1611, na nyuma yake kuna bustani ya miti-dawa ambamo Claire anaonekana akichuma majani. Mama alitandika leso yake kwenye majani karibu na ukuta, mimi nikamtafutia kibla kwa simu, akasali adhuhuri na alasiri pamoja, kisafiri. Aliomba dua ndefu kuliko kawaida. Mzee alisimama mbali kidogo, amevua kofia.

Blackness ndiyo ngome iliyonikaa moyoni. Ilijengwa miaka ya 1440 kwenye ulimi wa mwamba unaoingia baharini, na umbo lake ni la chombo, kwa mbele imechongoka na kwa nyuma ni pana, hata wenyewe wanaiita meli isiyowahi kusafiri. Katika tamthilia ndiyo Fort William, mahali Jamie anapochapwa mijeledi mbele ya baba yake. Uani hakuna sakafu. Unakanyaga mwamba wenyewe, umepinda na kuteleza, na upepo unazunguka ndani kama umefungiwa. Ilikuwa jela kwa miaka mingi. Chini ya mnara wa mbele kuna shimo la wafungwa ambalo bahari ilikuwa ikiingia maji yakijaa. Mama alizaliwa hatua chache kutoka Fort Jesus, na utotoni mwake Ngomeni ilikuwa bado jela, mpaka 1958. Aliwahi kunisimulia jinsi bibi alivyokuwa akimvuta mkono wapite mbio, asitazame madirisha. Siku ile Blackness alilitazama shimo mpaka aliporidhika.

Tukakaa kwenye jiwe lililokingwa na upepo.

"Ungeniambia siku ile ile," akasema, "ningelia mara moja tu. Sasa waniliza na nimeshazeeka."

Nikamwomba radhi. Nikamwambia niliogopa angenirudisha nyumbani.

"Ningekurudisha, ndiyo." Akapangusa uso. "Nilimtazama yule Claire kila Jumapili nikisema, mwanangu aliwapata watu kama hawa. Wakali, hawajui lugha yake, lakini walimpa moto na chakula. Hakuna hata mmoja aliyekupa kitu?"

Hapo nikakumbuka, na nashangaa kwamba sikuwahi kumsimulia. Siku ya tatu, kazini wodini, mama mmoja mfagizi, mtu mzima kama yeye, aliniona natetemeka chumba cha chai. Hakuniuliza lolote. Alimimina nusu ya supu yake kwenye kikombe akanisukumia, na jioni akanifuata mpaka chumbani kwangu akaniwashia joto kwa kuzungusha kitufe kidogo chini ya dirisha. Aliacha kazi mwaka uliofuata na sikujua alikokwenda.

"Supu ya nini?"

"Dengu."

Mama akafikiri. "Basi dua zilikuwa zake," akasema, na akanipa mkono nimwinue.

Mzee alituuliza kama twende Linlithgow, palipoigizwa jela ya Wentworth, maana ni karibu, na ni kasri zuri alimozaliwa Malkia Mary wa Uskoti mwaka 1542. Mama akakataa. Sehemu za Wentworth hakuwahi kuzitazama, nilizipeleka mbele zote, lakini alijua kwamba pale Jamie aliteswa. Alisema jela moja kwa siku inatosha, tumpeleke nyumbani kwa Jamie.

Nyumbani kwa Jamie, Lallybroch, ni Midhope, mnara wa mawe wa karne ya 16 katika ardhi za Hopetoun, dakika chache tu kutoka Blackness. Unapita chini ya tao la lango na nyumba iko mbele yako kama ilivyo kwenye runinga, madirisha yake, ngazi zake za mlangoni. Ila huingii. Ndani ni gofu, si salama, na vyumba tunavyoviona katika tamthilia vilijengwa studio. Mzee alieleza haya kwa sauti ya kuomba msamaha, kana kwamba kosa ni lake.

Mama alikuwa ameshafika kwenye ngazi. "Hodi!" akaita. Akangoja. "Hodi!" Akangoja tena, na ya tatu akaita taratibu zaidi. Kunguru waliruka juu ya paa. Mzee akaniuliza kwa kunong'ona mama anasema nini, nikamwambia anaomba ruhusa ya kuingia, na kwamba kwetu, ukiita mara tatu usiitikiwe, unarudi.

Hakurudi. Alikaa kwenye ngazi ya chini, akafungua mkoba, akatoa kile kikapu cha ukindu. Alikata uzi kwa meno. Harufu ya iliki na samli ikatoka, harufu ya Mombasa yote, pale katikati ya malisho ya kondoo. Akamega pande la kwanza akampa mzee, la pili akanipa mimi. Mzee alilishika kwa vidole viwili akiliangalia linavyong'aa, akala, akafumba macho. Akaomba jingine. Mama akamega kubwa zaidi, na alipomwona anatafuta pa kupangusia samli, akamvutia pindo la leso yake.