Siku moja na sura ya nne

Saa kumi na moja alfajiri. Kimara bado giza, lakini jirani yangu yuko uani anaongea kwa sauti. Usiku wamevunja banda lake, wakaondoka na mtungi wa gesi na kuku sita. Mjumbe keshafika. Mkaguzi wa kata naye kapigiwa simu, na kabla sijamaliza chai namwona akishuka kwenye bodaboda, daftari kwapani. Sijui kama mtungi utapatikana. Ila nilivyomwona anaingia uani nilijua siku yangu nzima itakuwa ya kumfikiria yeye, kwa sababu ya kazi iliyo mezani.

Mimi ni mfasiri. Wiki hii natafsiri kijitabu cha mafunzo kwa askari wa Dawati la Jinsia na Watoto, na sura ya nne inahusu misaada ya kigeni kwa polisi wa kiraia mahali ambapo jeshi la nchi nyingine ndilo lenye ardhi mkononi. Mfano wenyewe ni Ukingo wa Magharibi, ardhi ya Wapalestina inayokaliwa na Israel tangu 1967.

Saa moja asubuhi, mwendokasi. Nimesimama toka Kimara hadi DIT, hakuna pa kuweka hata mkono.

Saa tatu, Maktaba Kuu. Hapa nilikaa muda mrefu kwenye neno moja. Rasimu yangu ilisema "uvamizi", nikalifuta kila lilipo. Mvamizi anaingia siku moja. Anayekalia anaamka pale kila asubuhi, anaamua nani apite na saa ngapi. Kiswahili kinajua kumkalia mtu kooni, basi nikaandika "eneo linalokaliwa".

Neno la pili lilinigusa zaidi. Kwa Kiarabu polisi ni *shurta*, na limejengwa kwa herufi zile zile za neno lililotupa sharti na kushurutisha. Sura nzima inahusu masharti. Mkataba wa Geneva wa 1949 unawalinda raia walio chini ya jeshi la kigeni, na Kanuni za The Hague za 1907, kifungu cha 43, zinasema anayekalia ardhi ndiye mwenye wajibu wa kurejesha na kulinda amani na maisha ya kawaida ya watu. Wajibu huo ni wake. Lakini tangu Mei 1994, polisi wa Kipalestina walipoingia Gaza na Jericho kufuatia makubaliano ya Cairo kati ya Israel na Wapalestina, sehemu ya gharama imebebwa na wafadhili. Hata mishahara ya mwanzo ilipitishwa UNRWA, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi wa Kipalestina.

Kuna na hesabu ya kiofisi ndani yake. Kamati ya misaada ya OECD, umoja wa nchi zilizoendelea, inakubali mafunzo ya kazi za kawaida za polisi yahesabiwe kuwa msaada wa maendeleo, silaha haikubali. Kwa hiyo hilo neno "kiraia" mfadhili analishika kwa mikono miwili, maana ndilo linalofungua mfuko.

Saa saba, wali maharage kwa mama ntilie, haraka haraka.

Saa tisa nikakutana na afande Mnazi Mmoja, katoka zamu. Ni sajenti wa Dawati, na ndiye anayenisomea kila sura kabla sijaituma. Alikaa kwenye benchi, akavua kofia, akasema, "Haya dada, nieleze kama unamweleza kuruta."

Nikachora nyuma ya bahasha. Mkataba wa pili wa Oslo kati ya Israel na Wapalestina, Septemba 1995, uligawa Ukingo wa Magharibi mafungu matatu. Eneo A, sasa kama asilimia 18, ni miji. Humo polisi wa Kipalestina wana mamlaka ya raia na ya usalama. Eneo B, kama asilimia 22, wanashughulika na raia lakini usalama uko kwa jeshi la Israel, na mkataba ukawapa vituo 25 tu vya polisi. Eneo C, karibu asilimia 60, lote liko chini ya jeshi. Na C ndiyo inayoizunguka A na B, kwa hiyo ukitoka mji mmoja kwenda mwingine lazima uikanyage.

Aliiangalia ile bahasha. "Nimepigiwa simu. Mama anapigwa na mumewe, yuko C. Mimi kituo changu kiko A. Natoka?"

"Unaomba uratibu kwanza, afande. Ofisi yenu ya uhusiano inazungumza na ofisi ya jeshi, mnangoja ruhusa ya kupita na sare."

"Nangoja muda gani?"

"Watakavyoamua wao."

"Na anayepiga akiwa Mwisraeli?"

"Huyo hata ndani ya A huruhusiwi kumtia mbaroni. Utamzuia pale pale mpaka wao waje."

Alikaa kimya kidogo. Amevaa sare miaka kumi na moja, na nimeshamwona akitoka mbio na kanga begani kwa sababu mtoto kapiga simu. Akasema, "Dada, kipigo hakingoji ruhusa."

Akauliza wafadhili wametoa nini. Nikamweleza kuhusu EUPOL COPPS, ujumbe wa Umoja wa Ulaya wenye makao Ramallah, unaowashauri polisi na watu wa mahakama. Ulianza Januari 1, 2006. Mwezi huo huo Hamas ikashinda uchaguzi wa bunge la Wapalestina, nchi wafadhili zikasitisha misaada kwa serikali mpya, na kazi ya ujumbe ikakwama kwa zaidi ya mwaka. Wamarekani nao, mwaka 2005, walimweka mratibu wao wa usalama, jenerali, na waliowafundisha zaidi huko Jordan ni vikosi vya Kipalestina vya mtindo wa kijeshi. Afande akatikisa kichwa: "Hao siyo wa kupokea simu ya mama."

Na hapo ndipo ninaposimama mimi. Siungi mkono wanaosema misaada hii ikatwe. Mtoto aliyedhurika Nablus, mji wa huko Ukingoni, anastahili askari aliyefundishwa kumhoji bila kumtisha, hata awe nani anayelipia. Lakini mfadhili anayenunua magari na kunyamaza kuhusu barabara anamlipia mkaliaji sehemu ya wajibu wake, na anamwacha polisi mbele ya watu wake akionekana mzembe. Watu hawaoni ruhusa iliyocheleweshwa. Wanaona sare ambayo haikuja. Kila makubaliano ya msaada yangeanza na barabara: akipigiwa simu, atafika?

Saa kumi na mbili jioni, foleni ya kurudi.

Saa tatu usiku. Jirani kanipitia: mtungi bado, ila mkaguzi wa kata kapiga tena kuuliza rangi yake. Nafungua kompyuta na kukuta ujumbe wa sauti wa afande. Anataka zoezi la mwisho libadilishwe; lile la kutaja faida tano za misaada, anasema, halimfundishi askari kitu.

Nikaandika upya: Saa tano usiku simu inaingia kituoni, eneo A. Mama yuko eneo C, mwendo wa dakika kumi. Eleza utamwambia nini akiwa bado kwenye simu.

Nikaacha mistari minne mitupu, nikaituma.