Nilimpa kijana wangu kalamu nyekundu, hesabu zikanyooka

Ripoti ya kijana wangu wa P4, yaani darasa la nne la msingi, ilikuja imeandikwa kwamba ana akili ila ni mzembe. Muhula uliofuata, maneno yale yale, mwandiko ule ule. Mimi ni wakala wa mobile money hapa Busia upande wa Uganda, kutwa nzima natuma pesa za watu, na kwenye kazi yangu kumwambia mtu "usiwe mzembe" ni sawa na kutomwambia kitu. Tarakimu moja ikikosewa, pesa imeshafika Mbarara kwa mtu ambaye hata simu hapokei. Kwa hiyo tuna utaratibu: mteja anataja namba, unamrudishia kwa sauti, jina linatokea, unamsomea, akikubali ndipo unaweka namba ya siri. Hakuna wakala anayetegemea macho yake tu. Sasa mtoto wa miaka tisa ndiye ategemee?

Ushauri nao haukunipita mbali. Jirani yangu akasema fimbo. Fimbo shuleni sheria imeikataza tangu 2016, na yeye anataka niihamishie sebuleni! Mjomba wa mtoto akasema kochingi, yale masomo ya ziada ya kulipia. Kochingi tukaenda, likizo nzima, elfu hamsini na ushee, sihesabu boda wala chai. Alirudi na bunda la karatasi zilizobanwa pini, kutoa na kujumlisha kurasa kwa kurasa. Mtoto anayesahau kubeba moja ukimpa maswali mia ya aina hiyo, utamzoesha kusahau. Halafu nilipozipitia usiku nikakuta vema nyekundu kubwa kwenye majibu yasiyo sahihi. Hapo nilipandwa na hasira, lakini pesa ilikuwa imeshaliwa.

Senge yake, yaani dada wa baba yake, ndiye alikuja na hekima kuliko wote: "Mlipe, mama, shilingi mia kila jibu sahihi, utaona." Kweli niliona. Siku za mwanzo majibu yalikuwa safi kama sahani ya mgeni. Sarafu zangu za mia zikaanza kuadimika dukani. Jumapili moja natoka kuanua nguo nikasikia mnong'ono nyuma ya choo: kijana wangu na mtoto wa jirani wa P6. Yule mkubwa anakokotoa, wangu ananakili, jioni wanagawana. Na mgawo wenyewe haukuwa nusu kwa nusu, maana mwenye kazi alidai zaidi: katika kila mia tano, yeye mia tatu, wangu mia mbili. Nilisimama nikiwasikiliza wakipiga mahesabu ya hela za wiki nzima kichwani, bila karatasi, bila kosa hata moja. Nilicheka mpaka wakanisikia. Lakini nililala nimeshajua kwamba shida haikuwa kichwa cha mtoto.

Nikatoa karatasi zake zote za mitihani, za kufungua muhula, za katikati na za kufunga, nikazitandaza sakafuni. Sikuangalia alama, niliangalia makosa tu. Kumbe, ukiacha kubeba na kukopa, huo uzembe ulikuwa wa aina tatu tu. Ya kwanza, kunakili: swali linasema 4,096, yeye chini ameandika 4,069, halafu amekokotoa vizuri kabisa. Ya pili, safu kupinda: mamoja yamelalia makumi. Hii ya pili ilikwisha kwa daftari la miraba, tarakimu moja kwa kila kijumba, na daftari lenyewe halifiki elfu tatu. Sijui kwa nini sikuambiwa hilo na wote waliokula pesa yangu.

Ya tatu ilinifanya nimwonee huruma. Swali la namna hii: Amina ana maembe 12, amemzidi Juma maembe 5, Juma ana mangapi? Alijibu 17. Swali lilikuwa kwa Kiingereza, akaona lile neno la "zaidi" akajumlisha mbio. Nikamuuliza kwa Kiswahili, hata hakufikiri: "Saba, mama, si Amina ndiye mwenye mengi?" Huo si uzembe, ni lugha. Mtaala wenyewe tangu 2007 unataka P1 hadi P3 wasome kwa lugha ya kwao, halafu P4 waingie Kiingereza. Shule nyingi za mjini zinaanza Kiingereza moja kwa moja, lakini mtoto anaweza kukisoma kwa sauti nzuri na asikielewe. Tangu siku hiyo kila swali la maneno ananisimulia kwanza kwa lugha ya nyumbani, nani ana nyingi, nani ana chache, ndipo anashika kalamu.

Sasa nifike kwenye kalamu nyekundu, maana hiyo ndiyo najivunia.

Kumwambia mtoto "rudia uangalie" ni kazi bure. Anarudia, anaona alichokusudia kuandika, anasema niko sawa. Mimi mwenyewe kaunta, namba niliyoiandika siwezi kuikagua, mpaka mteja aisome. Basi nikageuza. Usiku baada ya kufunga duka nikaandika maswali kumi kwenye daftari langu, nikayafanya mimi, na ndani yake nikaficha makosa yake yeye: moja nimenakili vibaya, moja sikubeba, moja nimetoa kidogo kwenye kikubwa bila kujali nani yuko juu. Nikamkabidhi kalamu nyekundu: "Mwalimu, nisahihishie."

Mungu wangu! Mtoto alikaa wima, akavuta kiti, akavaa miwani ya marehemu babu yake isiyo na kioo kimoja. Alipita mstari kwa mstari na kidole, midomo ikicheza. Akifika penye kosa anaguna, "Eee!", anazungusha duara kubwa, anaandika pembeni. Nilipopewa daftari langu lilikuwa limejaa wekundu, na chini ameniandikia: "Una akili ila ni mzembe. Mlete mzazi wako." Siwezi kusema haikuniuma kidogo.

Sharti langu lilikuwa moja: simwambii makosa ni mangapi. Ukimwambia ni matatu, akipata matatu anafunga. Usipomwambia, anahangaika na kila swali, hata lililo sahihi analikokotoa upya kivyake ili anikamate. Na huko kukokotoa upya ndiko nilikokuwa nakutafuta tangu mwanzo. Usiku mwingine nilimpa ukurasa usio na kosa lolote. Alikaa nao karibu saa nzima, ananitazama kwa jicho la polisi wa mpakani. Baadaye nikamrudishia kazi zake mwenyewe za zamani, nimezinakili kwa mwandiko wangu asizitambue. Alizitia wekundu bila huruma.

Kutoa penye sifuri nyingi kulitaka dawa yake. 5,000 toa 1,750: kukopa kwa jirani ambaye naye hana, anakopa kwa wa tatu, katikati ya safari mtoto amepotea. Mimi dukani sikopi. Napunguza moja pande zote mbili: 4,999 toa 1,749. Tofauti haibadiliki, na tisa haikopi kwa mtu. Jibu 3,250. Au unapanda kama wauza nyanya: kutoka 1,750, weka 250 ufike 2,000, weka 3,000 ufike 5,000. Mwalimu wake hakuipenda, anataka kuona kukopa kumeandikwa. Ana haki yake, njia nayo ina alama. Basi kijana anaandika kukopa kama alivyofundishwa, halafu pembeni kwa penseli anakagua kwa njia ya duka. Majibu mawili yakigombana, anajua kuna kitu.

Kwenye kuzidisha nilimpa ukaguzi wa babu yangu, kutoa tisa. 47 mara 23 amepata 1,081. Jumlisha tarakimu mpaka ibaki moja: 47 inakuwa 11, halafu 2, 23 inakuwa 5, 2 mara 5 ni 10, yaani 1. Na 1,081 nayo inakuwa 10, yaani 1. Zikitofautiana, jibu ni bovu. Zikilingana usishangilie sana, maana 1,801 nayo ingepita, kwa hiyo tarakimu zilizopishana haizikamati. Kwa zile, kidole na sauti tu.

Alama zimepanda, hilo nitajisifu. Alikuwa anazunguka kwenye hamsini, sasa sabini na kitu ni kawaida, na mara moja alivuka themanini. Mwenye kochingi tumekutana sokoni akaniuliza siku hizi nampeleka wapi. Nikamwambia hapa hapa nyumbani, ananifundisha mimi.

PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, bado iko mbali, lakini nimeiangalia karatasi yake ya Hesabu: maswali 32, saa mbili na nusu, na sehemu A peke yake ni maswali 20 mafupi yenye alama 40. Mafupi hayo ndiyo yanayomezwa na mkono wa haraka.

Kwa sasa yuko P5 na hesabu za sehemu, nusu na theluthi, zimetuingilia. Nusu jumlisha theluthi anaandika 2/5, na kalamu nyekundu haimsaidii kwa sababu na mimi akinisahihisha anaweka 2/5. Nimeanza kukata chapati: hii nusu yako, nakuongezea theluthi, vipi uishie na 2/5 ambayo ni ndogo kuliko nusu uliyoanza nayo? Anaelewa chapati ikiwepo, ikiliwa anasahau, na mdogo wake wa P2 anaziiba vipande kabla hatujafika kwenye sita ya chini, 3/6 na 2/6. Mwenye njia isiyomaliza unga wa ngano anieleze.