Herufi L kwenye majibu ya mwanangu

Neema alikuwa na wiki tisa alipopata mafua. Ulikuwa msimu ule wa upepo, vumbi la Nkuhungu, hapa Dodoma, linapenya hata chini ya mlango, kwa hiyo sikushangaa. Nilimpeleka kituo cha afya nikijua nitaelekezwa kumsafisha pua, basi. Tabibu akasema tupime damu kwanza. Wa maabara alihangaika na kile kimkono kilichonona mpaka jasho likamtoka. Mtoto akalia, nami nikalia, mwishowe yakapatikana matone machache kwenye kichupa chenye kifuniko cha zambarau.

Majibu yalitoka Jumamosi jioni, tabibu ameshaondoka. Nikakabidhiwa karatasi kama risiti ya duka, eti nirudi Jumatatu. Kumpa mama majibu yasiyo na msomaji ni kumpa mikesha miwili. Bora wangekaa nayo.

HB, yaani wingi wa damu, 9.7, ubavuni herufi L ya "chini", halafu safu ya viwango vya kawaida: 11.0–16.0. Limfosaiti, aina ya chembe nyeupe za damu, asilimia 66, herufi H ya "juu". Shemeji yangu, anayesoma takwimu chuoni (takwimu, si udaktari), akaingia kwenye simu, na baada ya dakika tano akatamka saratani ya damu.

Mama mkwe, aliyekuja kutoka Mpwapwa kunisaidia uzazi, hakusema kitu. Alitoka, akarudi na rozela kavu ya soko la Majengo, ile inayosemwa huongeza damu, akachemsha jagi zima.

"Kijiko kimoja tu, mama Neema. Sisi tumewalea hivi hivi."

Hapo palikuwa pagumu kuliko maabara. Kliniki walishatuambia miezi sita ni maziwa ya mama matupu, hata maji hapana. Lakini mkwe humkatalii hivi hivi, tena kwa mwanawe. Nikamwambia, "Mama, chakula cha huyu kinapitia kwangu. Nipe mimi." Nikanywa vikombe vitatu, bila sukari, meno yakaniganda.

Kingine nilichofanya ni kuandika kila aliponyonya na kila nepi iliyolowa. Kufikia Jumapili jioni: kunyonya mara kumi, nepi saba. Nilizihesabu tena na tena kama mtu anayehesabu nauli.

Jumatatu nilienda kwa daktari wa watoto. Karatasi hakuigusa kwanza. Alimvua Neema nguo, akatazama viganja, akavuta kope la chini, akabonyeza tumbo kutafuta ini na bandama, akafuata kwa kidole mstari wa uzito kwenye kadi: alizaliwa na kilo 3.1, sasa ana 5.0. Ndipo akachukua kalamu na kukata ile safu ya viwango.

"Hivi ni vya mtu mzima, mama. Mashine haijui kama aliyepimwa ana wiki tisa."

Tumboni oksijeni ni haba, akasema, ndiyo maana mtoto huzaliwa na damu nyingi, HB 14 hata 20. Akianza kupumua mwenyewe, figo hupunguza homoni inayouamuru uboho kutengeneza chembe nyekundu. Za zamani zinakufa, mpya ni chache. Kati ya wiki ya nane na ya 12 damu hufika tisa na kitu, au kumi, kisha hupanda yenyewe. Na limfosaiti kuwa nyingi kuliko chembe nyeupe nyingine ni kawaida ya watoto wadogo mpaka miaka minne hivi.

Hakuniacha hivyo tu, na hilo lilinituliza kuliko maelezo yote. Kwa kuwa kwetu ni Kagera, aliuliza habari za selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, akaagiza kipimo cha kuchambua aina za hemoglobini, maana kile cha haraka humkosea mtoto mdogo. Hakuwa nayo. Baada ya wiki nne tukarudia damu: 10.5.

Mama mkwe alinipokea mlangoni. "Ile herufi imetoka?"

"Bado ipo, mama. Lakini daktari anasema yuko salama."

Akaitazama karatasi, akanitazama mimi, akaenda kubandika rozela jikoni.