Mchana ule dada aliponiletea viatu

Mdogo wangu anaondoka mwezi wa tisa kwenda kusoma nchi za baridi, kaskazini ya mbali, na juzi alinipigia kuniuliza anunue koti la namna gani. Nilimweleza. Baridi ina dawa, na dawa yake ni nguo. Baada ya kukata simu nikabaki na jambo ambalo hakuliuliza, kwa sababu hata mimi nilipokuwa nafunga mizigo hakuna aliyenitajia: kwamba kinachomlemea mtu kule mara nyingi ni giza.

Mnaonifuatilia mnaijua ile miaka niliyosomea shahada ya pili hukohuko kaskazini. Majira ya baridi ya kwanza sote tuliita hali ile upweke wa ugenini, na siku zilipoanza kurefuka ikaondoka yenyewe. Mwaka uliofuata, Novemba, ikarudi. Kufikia Desemba jua lilikuwa linachomoza karibu saa 3 asubuhi, na kabla ya saa 10 jioni limeshazama. Naingia maktaba gizani, natoka gizani. Nilikuwa nalala kupita kiasi na bado naamka nimechoka. Mwili ulidai wanga na vitu vitamu usiku na mchana. Simu ya mama ikiita, naitazama mpaka inyamaze. Kilichonitisha zaidi ni kwamba sikuwa na msiba wa kuulilia. Masomo yalikwenda vizuri, nyumbani wote wazima.

Nilikuwa nimepanga chumba na mwenzangu mmoja aliyenizidi umri, nikimwita dada. Jumamosi moja ya Januari aliingia chumbani kwangu bila kubisha, akafungua pazia, akaweka viatu vyangu vya theluji kando ya kitanda.

"Vaa."

"Dada, leo siwezi."

"Saa sita hii. Mwanga ukiondoka hatuupati tena mpaka kesho. Vaa."

"Sina cha kuongea na mtu."

"Nani amekuambia tunakwenda kuongea? Tunakwenda kutembea."

Nikavaa koti nikiwa nimekaa. Viatu nilivitia miguuni, lakini kamba zilinishinda. Vidole vilikuwa vizima, ila kazi ile ndogo ilionekana ndefu mno kuianza. Basi dada akapiga magoti akanifunga kamba, kimoja, kisha cha pili, akivuta kila tundu mpaka likakaza. Mkubwa wangu, mtu ambaye kwa malezi niliyopewa mimi ndiye niliyepaswa kumwinamia, amepiga magoti mbele yangu, na sikuwa na nguvu hata ya kumwambia aache. Nilitazama utosi wake. Sikulia. Nilitamani kulia, na machozi hayakuja.

Nje kulikuwa na mawingu tu, jua halionekani. Hata hivyo mwanga ulitoka juu na ukarudi tena kutoka chini kwenye theluji, na macho yangu yakaanza kutoa maji. Dada alitembea mbele kidogo, mikono mfukoni, hasemi. Tulifuata njia ya kando ya mto. Mwanzoni nilihesabu nguzo za taa ili nijue tumebakiza kiasi gani kabla ya kurudi. Halafu, sijui ni wapi, nikaacha kuhesabu. Niliona barafu imekaa kingoni mwa mto na katikati maji yanapita, nikasikia sauti yangu ikisema: "Hivi huu mto huwa unaganda wote?"

Lilikuwa swali la kwanza kuuliza kwa kutaka kujua tu tangu Novemba. Dada akageuka.

"Sijui. Twende tukaangalie kule darajani."

Tukaenda. Haukuwa umeganda.

Yaliyofuata nitayasema kwa haraka. Alinisindikiza kwa daktari. Daktari aliniuliza kama nimewahi kufikiria kujidhuru, nikamjibu ukweli. Akauliza kama nina ugonjwa wa macho, na kama nimewahi kupitia vipindi vya kuchangamka kupita kiasi bila kuhitaji usingizi, kwa sababu mwanga mkali unaweza kumsukuma mtu wa namna hiyo kubaya. Ndipo akaniambia kwamba hii ni aina ya sonona inayofuata majira, na kwamba Norman Rosenthal na wenzake waliieleza kitabibu mwaka 1984. Rosenthal alikulia Afrika Kusini, akahamia New York kusomea magonjwa ya akili, na ni huko alikoona mwenyewe nguvu zake zinavyopungua kila baridi inapoingia. Habari hiyo ilinishika mkono. Kumbe aliyeipa hali hii jina naye alitoka kwenye jua.

Nikapata taa ya tiba: laksi 10,000 (laksi ni kipimo cha ukali wa mwanga), nusu saa kila asubuhi mara baada ya kuamka, iko mezani kwa umbali wa mkono, macho wazi lakini huikodolei. Taa za kawaida za chumbani hutoa laksi mia chache tu. Nje, hata kukiwa na mawingu, mchana hupita 1,000 kwa urahisi, na hapo nikaelewa macho yangu yalikuwa yanalilia nini kando ya mto. Nikaanza pia kuonana na mshauri, tukawa tunayapinga yale mawazo ya "baridi ikija mimi basi tena". Baadaye nimesoma kuhusu utafiti wa Chuo Kikuu cha Vermont uliochapishwa 2016: taa na tiba ya mazungumzo ya aina hiyo zilisaidia karibu sawa majira yaleyale, lakini majira mawili baadaye waliopata mazungumzo walirudiwa kwa uchache zaidi.

Kufikia Machi nilikuwa mtu tena. Kilichonirudisha ni kipi, siwezi kuapa. Taa, mshauri, matembezi ya mchana ambayo hatukuyaacha, au ni siku zenyewe, ambazo kufikia ile Jumamosi zilikuwa tayari zimeanza kurefuka? Ninaamini matembezi, lakini naona moyo wangu umeegemea huko kwa sababu ya aliyenitoa.

Na hata hilo limenichanganya. Miaka kadhaa baadaye, kwenye simu, nilimshukuru kwa siku ile. Akakaa kimya kidogo. "Mdogo wangu," akasema, "mimi nilikuwa na hali mbaya kuliko wewe. Nilijua nikikuamsha wewe, nitalazimika kutoka na mimi."