Kumbukumbu ya mradi wangu: kukadiria uzi unaoingia katika nguo moja, na gharama yake

Oktoba

Katika daftari langu la gharama, kila nguo ninayoshona hapa nyumbani Moshi ina mistari yake: kitambaa, vifungo, zipu, umeme, muda wa kazi. Mstari wa mwisho ni "uzi na mengineyo", nao huandikwa shilingi 500, iwe nguo ni shati la mtoto au gauni la kitenge lenye tabaka tatu. Shule zinafunguliwa Januari, oda za sare zinaanza kuingia, na kabla sijataja bei kwa mzazi yeyote nataka kujua mambo mawili: nguo moja hutumia mita ngapi za uzi, na mita hizo hugharimu kiasi gani.

Nilimweleza azma hii mzee mmoja fundi ambaye ameshonea barazani karibu na Soko la Kati tangu nikiwa mtoto. Baada ya shikamoo na marahaba alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, mteja hulipia kitambaa na mkono wa fundi. Uzi haujawahi kumfilisi mtu." Nayaheshimu maneno yake, kwa kuwa yametoka kwa mtu aliyelea familia kwa cherehani. Hata hivyo, kitu kisichofilisi bado kinaweza kupimwa, na mzee mwenyewe alinipa koni tupu za plastiki, zile za kuzungushia uzi, za kufanyia majaribio.

Hesabu ya mshono wa kawaida

Mshono wa kawaida wa cherehani, ambao katika viwango vya kimataifa vya ISO 4915 hupewa namba 301, una nyuzi mbili: wa juu unaotoka sindanoni na wa chini unaotoka kwenye bobini, kile kigurudumu kidogo cha uzi kilicho chini ya sindano. Mkazo ukiwa sawa, nyuzi hizo hushikana katikati ya unene wa kitambaa. Kwa hiyo katika kila hatua moja ya mshono, yaani kutoka tundu moja la sindano hadi linalofuata, uzi wa juu hutembea urefu wa hatua hiyo, hushuka nusu ya unene na hupanda nusu ya unene, na uzi wa chini hufanya vivyo hivyo upande wake. Jumla ya nyuzi zote mbili kwa hatua moja ni mara mbili ya urefu wa hatua ukijumlishwa na unene wa kitambaa.

Chukua tetroni ya shati, tabaka mbili zenye unene wa nusu milimita, na hatua ya milimita 2.5. Hatua na unene ni milimita 3, mara mbili ni 6; ukigawanya kwa 2.5 unapata 2.4. Maana yake ni kwamba kila mita ya mshono hula mita 2.4 za uzi. Majedwali ya watengenezaji wa uzi, Coats wakiwa miongoni mwao, hutumia 2.5 kwa mshono huu. Nilishona mstari kwenye kipande cha tetroni, nikatia alama sentimita 10, nikakata na kufumua: uzi wa juu ulikuwa sentimita 12, wa chini 11.5. Hesabu na kitambaa vimekubaliana, jambo lililonipa imani ya kuendelea.

Unene ndio unaobadilisha mambo. Katika mshono wa kukunja wa suruali ya jinzi, ambao nilikata kwenye suruali ya mtumba kutoka soko la Memorial, tabaka zilizobanwa pamoja zina unene wa milimita 2.4 hivi. Kwa hatua ya milimita 3, mita moja ya mshono hula mita 3.6 za uzi. Ukipunguza hatua iwe milimita 2, inakula 4.4. Kwenye tetroni, badiliko hilohilo la hatua huongeza kutoka 2.33 hadi 2.5 tu. Anayeshona jinzi kwa hatua fupi akitafuta uimara ajue kwamba anaulipia kwa uzi, ilhali mshona shati hahitaji kuhangaika na jambo hilo.

Ovaloki

Hapa ndipo daftari langu lilipobadilika. Ovaloki ni mashine ya kufunga ukingo wa kitambaa usifumuke. Ile ya nyuzi tatu, ambayo mshono wake ni namba 504, ina sindano moja na lupa mbili, yaani vyuma vinavyopitisha uzi ukingoni, na nyuzi za lupa huzunguka ukingo wa kitambaa huku na huku bila kupumzika. Majedwali huipa 14, yaani mita moja ya ukingo hula mita 14 za uzi. Sikulikubali hilo kwa kusoma tu. Nilifumua sentimita 10 za ovaloki yangu, iliyokuwa na upana wa milimita 5, nikanyoosha kila uzi peke yake kwenye futi ya fundi: wa sindano sentimita 27, wa lupa ya juu 56, wa lupa ya chini 53. Jumla ni sentimita 136, yaani 13.6 kwa moja. Uzi wa sindano ni sehemu moja tu kati ya tano. Sehemu nne zilizobaki huchukuliwa na lupa. Uwiano huu niliuwekea alama nyekundu daftarini, kwa kuwa nilihisi nitauhitaji baadaye.

Shati moja la shule

Nilichukua patani ya shati la mikono mifupi la mtoto wa miaka kama 11, nikapima kila mshono kwa zamu. Mabega yaliyopigwa mara mbili yana sentimita 48, kupachika mikono 84, ubavu pamoja na chini ya kwapa 100, pindo la chini 95, mapindo ya mikono 64, mfuko 48. Pati ya mbele, pale panapokaa vifungo na matundu yake, ina mistari minne ya sentimita 50, ambayo ni 200. Kola, ukihesabu kuishona, kuipiga juu na kuipachika shingoni, ina 162. Jumla ni sentimita 801, karibu mita 8, na kwa kuzidisha na 2.5 tunapata mita 20 za uzi.

Ovaloki ya shati hilo ipo mabegani, mikononi na ubavuni tu: sentimita 208. Kwa 14, hizo ni mita 29. Tazama vizuri: mita 8 za mshono unaoonekana, zile ambazo mteja huzikagua kwa macho, hula uzi mchache kuliko mita 2 zilizofichwa ndani. Matundu sita ya vifungo hula karibu mita moja kila tundu, na vifungo vyenyewe, vinavyoshonwa kwa mkono, sentimita 40 kila kimoja. Jumla kuu ni mita 57.5. Nikiongeza asilimia 15 kwa ajili ya mikia ya uzi, kukatika, kufumua na mabaki ya bobini, napata mita 66.

Novemba: je, koni ina urefu unaoandikwa?

Koni ninazonunua mjini zimeandikwa 40/2, yadi 5,000. Yadi si mita. Yadi moja ni mita 0.9144, kwa hiyo yadi 5,000 ni mita 4,572, na anayegawanya bei kwa 5,000 akidhani ni mita anajipunguzia gharama kwa karibu asilimia 9. Namba 40/2 ni hesabu ya Kiingereza ya pamba: nyuzi mbili zilizosokotwa pamoja, kila moja ya namba 40. Ukigawanya 590.5, namba ya kubadilishia hesabu hiyo kuwa teksi, kwa 40 na kuzidisha na 2 unapata teksi 29.5, yaani mita 1,000 za uzi huo zina uzito wa gramu 29.5.

Hili ni jambo la manufaa makubwa, kwa sababu huwezi kukaa kupima maelfu ya mita kwa futi, lakini kupima uzito ni kazi ya dakika moja. Niliazima mizani ndogo ya kidijitali inayosoma sehemu ya kumi ya gramu. Kwanza nilizungusha uzi mara 100 kwenye ubao wenye mzunguko wa mita moja. Ulisoma gramu 2.9, kama inavyopaswa. Kisha nikapima koni nzima isiyofunguliwa na kutoa uzito wa koni tupu ya aina ileile, nikabaki na gramu 135. Hizo ni takriban mita 4,570, na kwa koni hiyo maandishi yalikuwa ya kweli.

Koni nyingine, isiyo na jina la mtengenezaji, ilikuwa na lebo ileile ya yadi 5,000 lakini ndani yake uzi ulikuwa gramu 96, sawa na mita 3,254. Ya kwanza nilinunua kwa shilingi 3,500, ya pili kwa 2,800. Ya kwanza inatoka senti 77 kwa mita, ya pili senti 86. Ile inayoonekana rahisi dukani ndiyo ghali, kabla hata hujahesabu muda unaopotea uzi unapokatika. Tangu siku hiyo kila koni inayoingia nyumbani hupita kwenye mizani kwanza, na uzito wake huandikwa kwa kalamu chini ya kitako.

Kwa bei ya senti 77, mita 66 za shati ni shilingi 51. Mzee wa barazani alisema kweli, na nilirudi kumwambia hivyo.

Kuhakiki kwa oda halisi

Oda ya kwanza ya msimu ilikuwa mashati 30 meupe. Nilipima koni zote nne, tatu za ovaloki na moja ya cherehani, pamoja na bobini zilizojazwa, kabla ya kuanza na baada ya kumaliza. Makadirio yalikuwa mita 1,980, yaani gramu 58.4. Mizani ilionyesha kwamba zimeondoka gramu 61, ambazo ni mita 2,068, au mita 69 kwa shati. Tofauti inaelezeka: ovaloki huachwa itembee bila kitambaa kati ya kipande na kipande, na mnyororo ule mdogo unaokatwa na kutupwa nao una nyuzi zake tatu. Nikitumia asilimia 20 ya upotevu badala ya 15, hesabu inafika 69 barabara, na asilimia 20 ndiyo nitakayoitumia kuanzia sasa kwa namna yangu ya kushona. Fundi anayeunganisha vipande mfululizo bila kukata kila mara anaweza kubaki kwenye 15.

Desemba: sketi za rangi ya damu ya mzee

Sketi ya marinda ilinifundisha zaidi kuliko shati. Mshono wa kawaida ni mfupi: pindo sentimita 240, kuunga vipande 165, mkanda 140, zipu 36, jumla 581, sawa na mita 14.5 za uzi. Lakini ovaloki hupita kwenye pindo lote na kwenye kingo zote mbili za kila muungano, sentimita 570, ambazo ni mita 80. Pamoja na upotevu sketi moja hufika mita 113. Ningeweza kupiga ovaloki kingo mbili kwa pamoja na kuokoa mita 23, ila muungano usiofunguliwa na kulazwa kwa pasi huvimba chini ya rinda, na rinda lililovimba halilali tena. Uzi wa shilingi 18 haustahili kuharibu sketi.

Kwa bei ya mita, uzi wa sketi hiyo ni shilingi 87. Oda ilikuwa sketi 20 za rangi ya damu ya mzee, rangi ambayo sina kazi nyingine nayo. Ovaloki inataka koni tatu, cherehani moja: koni nne kwa shilingi 14,000, na sketi zote 20 zingetumia nusu tu ya koni moja kwa jumla. Zilizobaki zingekaa kabatini, na kila sketi ingekuwa imebeba shilingi 700, si 87. Hapa ndipo gharama ya uzi ilipokuwa imejificha: katika koni ulizolazimika kuzifungua.

Alama nyekundu ya Oktoba ikapata kazi. Kwenye ovaloki, uzi wa sindano ndio unaoweza kuchungulia kwa nje mshono ukivutwa. Nyuzi za lupa hubaki ukingoni, ndani. Niliweka bluu iliyokoza, ambayo huwa ninayo daima, kwenye lupa zote mbili, na damu ya mzee kwenye sindano ya ovaloki na kwenye cherehani. Koni moja tu ilinunuliwa, sehemu yake ikahamishiwa kwenye koni tupu ya mzee. Mahitaji ya rangi hiyo kwa sketi 20 yalikuwa mita 732. Koni hiyo moja inaipa kila sketi shilingi 175, uzi wa bluu wa lupa shilingi 59, jumla 234. Kabla ya kukata niliwaonyesha akina mama walioleta oda kipande cha mfano, ndani na nje, na walikubali.

Daftari sasa lina kanuni mbili. Nyeupe, nyeusi na bluu iliyokoza, ambazo huisha zenyewe, zinahesabiwa kwa mita. Rangi nyingine yoyote inahesabiwa kwa koni nzima iliyofunguliwa, ikigawanywa kwa idadi ya nguo za oda, na mteja wa nguo moja ya rangi ngeni huelezwa hivyo mapema.

Kinachofuata ni kaptula za khaki, ambazo nitashona kwa uzi wa 20/2. Uzi huo ni teksi 59, kila mita yake ina uzito mara mbili ya huu, na koni yenye uzito uleule wa gramu 135 hubeba mita 2,285 tu. Nimeshapima koni mbili za kwanza. Mishono ya kukunja ya matakoni na miguuni nitaifumua baada ya Krismasi.