Aprili Isiyo na Mshahara

Mkataba wangu na wakala wa walimu ulikuwa wa miezi 10. Sikushangaa nilipoutia saini, maana Thailand walimu wa kigeni wengi wanaopitia kwa mawakala huishi hivyo. Shule hufungwa Machi na kufunguliwa katikati ya Mei, na katikati hapo mwalimu wa Kiingereza si mwajiriwa wa mtu. Kodi ya chumba, lakini, haijui hilo. Wala Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu kule Tanzania, iliyonikopesha nikasoma shahada ya ualimu, haijui hilo.

Mwaka 2021 deni langu lilikuwa limebaki shilingi milioni 9 na ushee. Kama ningekuwa nafundisha nyumbani, nisingekuwa na la kuamua. Mwajiri angekata asilimia 15 ya mshahara (zamani ilikuwa 8, sheria ikabadilishwa mwaka 2016) na mimi ningebaki kunung'unika na wenzangu kwenye chumba cha walimu. Ukiwa nje hakuna wa kukukata, unajikata mwenyewe, na mkono wa mtu kwenye mfuko wake mwenyewe ni mzito ajabu.

Nilijipangia shilingi 100,000 kwa mwezi, kiwango cha chini kwa asiyekatwa na mwajiri. Kwa wakati ule ilikuwa kama baht 1,350 za Thailand, na mshahara wangu ulikuwa baht 25,000. Ukiitazama juu juu unaona ni pesa ndogo. Kilichoniuma ni asilimia 6 ya deni ambayo Bodi iliongeza kila mwaka, tozo ya kulinda thamani ya fedha. Asilimia 6 ya milioni 9 ni 540,000, yaani 45,000 kila mwezi. Katika laki niliyotuma, karibu nusu iliishia kwenye tozo kabla haijagusa mkopo wenyewe.

Gharama ya kutuma nayo ilikuwa ileile, utume kidogo au utume kingi. Kwa hiyo nilikuwa natuma ya miezi mitatu kwa mpigo kwa mdogo wangu, muuguzi katika hospitali ya serikali, naye analipa mwezi kwa mwezi kwa simu. Machi, kabla mshahara wa mwisho haujaingia matundu, nilimtumia ya Aprili, Mei na Juni. Iliyobaki ilikuwa ya kula na kulala mpaka tarehe 17 Mei, siku ya kufungua shule.

Halafu likaja wimbi la tatu la korona. Mimi nilikuwa Nonthaburi, jirani kabisa na Bangkok, na Aprili ile maambukizi yalipanda wiki hadi wiki. Mwisho wa mwezi ufunguzi ukasogezwa hadi tarehe 1 Juni, na baadaye ukasogezwa tena hadi tarehe 14. Kila wakisogeza, natoa daftari na kupiga hesabu upya. Kufundisha watoto wa watu majumbani niliogopa, kwa sababu kibali changu cha kazi kilikuwa kimeandikwa jina la wakala, hata kama mwezi huo hanilipi.

Katika jengo tulilopanga tulikuwa na mwenzetu Mmarekani na mwingine Mwingereza, na wote wawili walikuwa na madeni ya chuo makubwa kuliko langu. Mmarekani alikuwa ametulia tuli. Serikali yao ilikuwa imesimamisha marejesho ya mikopo ya serikali kuu tangu Machi 2020 na kuweka riba sifuri. Mwingereza alikuwa anajaza fomu za kueleza kipato chake cha nje. Kwao hukatwa asilimia 9 ya kile kinachozidi kiwango fulani, na kiwango chenyewe hubadilika kulingana na nchi unayoishi. Asiye na kipato hadaiwi kitu mwezi huo. Niliwasikiliza nikiwa na wivu ambao sikuuficha. Mfumo unaouliza kwanza "umepata kiasi gani?" una akili kuliko unaouliza "tarehe ngapi leo?"

Usiku mmoja mdogo wangu akapiga simu.

"Dada, ya Aprili nimelipa. Ya Mei na Juni ninayo hapa. Nikurudishie?"

Nikanyamaza kwanza, maana jambo hilo lilikuwa limenipitia kichwani mchana kutwa.

"Hivi wewe unalipa ya nini?" akaendelea. "Nani atakufuata huko? Mimi wananikata asilimia 15 kabla sijauona mshahara. Ningekuwa huko, wangenisikia kwenye bomba."

"Na mjomba?" nikamuuliza.

Mjomba ndiye aliyenidhamini. Sahihi yake iko kwenye fomu, na picha yake ndogo aliyopiga na shati la kuazima. Mdogo wangu alicheka lakini hakubisha. Pia sikuwa na mpango wa kuzeekea Thailand. Siku ningerudi na kuajiriwa, deni lingenikuta getini likiwa limenenepa. Wanaolikimbia, nadhani, ni wale walioamua moyoni kwamba hawarudi.

Tukaliacha hapo bila uamuzi.

Mei Mosi ilikuwa Jumamosi. Kwangu ilikuwa jioni, maana tumeitangulia Tanzania kwa saa nne, na nilikuwa nasikiliza kwa simu hotuba ya Rais Samia kutoka Mwanza. Alikuwa na wiki sita tu madarakani. Mdogo wangu naye alikuwa anafuatilia kwake, tunaandikiana. Yeye alikuwa anasubiri nyongeza ya mshahara. Mimi sikuwa nasubiri chochote.

Nyongeza haikuja, Rais alisema mwaka ule haiwezekani, akaahidi ya mwaka unaofuata. Kodi ya mshahara ya kima cha chini ikashuka kutoka asilimia 9 hadi 8. Mdogo wangu akaandika, "Asilimia moja!" na alama ya kilio. Kisha ikatajwa tozo ya asilimia 6 kwenye mikopo ya elimu ya juu: inafutwa, kuanzia Julai. Nilipiga kelele mpaka Mwingereza akagonga ukuta.

Dakika chache baadaye simu ikaita.

"Sasa basi," akasema, kama wakili aliyepata kifungu. "Subiri Julai. Chukua hii laki mbili ule, ulipe tozo ikishaondoka."

Nikafungua daftari. Kuchelewesha ya Mei na ya Juni hadi Julai kungeongeza tozo isiyofika hata shilingi 2,000. Kwa hesabu hiyo alikuwa sahihi kabisa, na njaa ilikuwa upande wake. Lakini kuzirudisha zile laki mbili kutoka Tanzania hadi Thailand kungenigharimu makato makubwa kuliko tozo yenyewe mara nyingi. Nilimsomea tarakimu moja moja. Nikamwambia chakula nitajua mwenyewe. Mama mwenye nyumba alikuwa ameshakubali nusu ya kodi nimlipe nikianza kazi.

"Kwa hiyo?"

"Lipa zote mbili, tena leo."

Haikupita nusu saa akanitumia picha za risiti zote mbili. Chini yake ameandika: "Tayari, dada. Sasa na mimi nilipie ya kwangu."