Baba Nyuma ya Pazia

Mwaka 2004, nilipopokea mshahara wangu wa kwanza wa ualimu, nilimwalika baba yangu chakula cha mchana katika hoteli moja ya Mji wa Kale, Mombasa. Aliijua kuliko mimi, kwa kuwa miaka yote aliyokuwa karani bandarini Kilindini alikuwa akila hapo, katika ukumbi wa chini, kwenye meza ndefu walizokaa makuli, madereva na makarani wenzake. Mimi niliijua kwa nje tu. Utotoni nilitumwa na bakuli asubuhi kununua mbaazi za nazi, nikasimama dirishani mpaka nihudumiwe, maana hata msichana wa miaka minane hakuketi mle.

Mama, ambaye hakuupinga mwaliko wangu wala hakuufurahia sana, aliniita jikoni kabla hatujaondoka. "Pesa mpe baba yako papa hapa nyumbani, alipe yeye," aliniambia. "Usije ukamvunjia heshima mbele za watu." Sikushangaa, kwani nilikwisha kuwaona wanawake wenye kazi zao wakiwapenyezea waume zao noti chini ya meza. M-Pesa ilipoanza Machi 2007, na hoteli zikaja kulipwa kwa simu, hila hiyo ilipungua haja. Lakini mwaka ule pesa ilikuwa karatasi, na kila mtu aliona imetoka mkononi mwa nani. Nikampa baba noti ya shilingi 1,000, akaitia mfukoni mwa kanzu bila ya kusema neno.

Tulipoingia, alielekea moja kwa moja kwenye meza yake ya siku zote. Mhudumu akamzuia kwa adabu: "Mzee, familia ni juu." Baba alikuwa amekula katika hoteli ile zaidi ya miaka 20 na hakuwahi kuipanda ngazi ile.

Juu palikuwa na meza zilizotengwa kwa mapazia. Watu huyasimulia mapazia hayo kana kwamba yaliwekwa kuwafungia wanawake, na huenda aliyeyatundika alikuwa na nia hiyo. Nilichokiona siku ile ni kwamba kule wenyeji walikuwa wanawake na mgeni alikuwa baba. Jirani zetu watatu walikuwa wamefunua nikabu, wakila kwa mikono na kucheka kwa sauti. Baba, ambaye ukumbi wa chini ulimjua kwa mizaha yake, aliketi akiuelekea ukuta na kunong'ona. Nami nilikuwa na haya zangu: nyumbani wanaume walikula sinia lao ukumbini na sisi letu ndani, na sikumbuki kama kabla ya siku ile niliwahi kula nikiwa nimekabiliana naye.

Mhudumu alipiga hodi nje ya pazia, akaingia, akamwuliza baba: "Na mama atakula nini?" Nilikuwa na miaka 24, sina mume wala mtoto, ila kwa lugha ya heshima ya mahali pale nilikuwa mama, na mama haulizwi. Baba akaniagizia biriani ya kuku. Bei yake sikuijua, kwa sababu ubao wa bei ulitundikwa chini, nyuma ya kaunta, na kule juu hapakuwa na menyu. Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba mwaka 1980 mwanamke mmoja aliyemwalika mshirika wake wa biashara katika mgahawa wa L'Orangerie, Los Angeles, alipewa menyu isiyo na bei ilhali mwanamume alipewa yenye bei, akaushtaki mgahawa huo. Nilicheka peke yangu. Sisi tulikosa hata hiyo menyu.

Bili ililetwa kwenye kisosi, pamoja na shamari na vijiti vya meno, ikawekwa mbele ya baba. Akaisoma, akaitoa noti yangu mfukoni, akanirudishia mkononi waziwazi. "Anayelipa ni huyu," alimwambia mhudumu. "Ameanza kazi."

Mhudumu aliipokea noti kutoka kwangu, akampongeza baba, akashuka. Aliporudi na chenji akaiweka mbele ya baba. Baba alikisukuma kisosi kwa kidole kimoja hadi upande wangu. "Mwachie kitu," alisema. Nikaacha shilingi 50.

Tulipokuwa tukipita ukumbini, mzee mmoja wa meza ndefu alimwita na kumwuliza amefuata nini juu kwa wanawake. "Nimealikwa," baba alijibu, wala hakupunguza mwendo. Tulipofika barabarani ndipo aliponigeukia.

"Kwani wewe ulitaka biriani?"

Nilimwambia nilitaka samaki wa kupaka.